Muhuri Wangu Kwenye Gurudumu

Nianze na langu, nisije nikaonekana najificha nyuma ya maneno marefu. Muhuri ni wangu. Namba arobaini na moja, na mwaka ambao siku hizi hausomeki vizuri, kwa sababu hapa kwetu miaka huchakaa kama maandishi ya gunia. Niliupiga mwenyewe, kwa nyundo yangu, nikiwa na akili timamu na tumbo limeshiba. Hakuna aliyenishika mkono. Hakuna aliyenipa kitu. Nasema haya mapema kwa sababu katika mji huu kila ukiuliza jambo ni la nani, watu hutazama mawinguni.

Mji wetu hauna jina. Lilikuwepo, kwenye bango pale njia panda, lakini kila aliyepita aliligusa kidogo kutafuta bahati, mpaka likafutika. Mimi mwenyewe siku nyingine huamka nikiwa na miaka sitini, siku nyingine thelathini na mbili, na mara moja niliamka nikiwa mama wa mama yangu, nikamwogesha, nikampa uji, tukaendelea. Mambo hayo hayanisumbui. Nguo lazima zifuliwe, uwe na umri wowote. Kinachonisumbua ni asubuhi.

Wewe unayesoma una asubuhi zako, na unadhani zinakuja zenyewe, kama jasho. Hapa kwetu asubuhi ni mali ya mtu. Unazaliwa nazo, unazitumia moja moja, na unaweza kuzitoa. Aliyezitoa huanza siku saa sita mchana. Anafumbua macho amesimama pale pale alipokuwa jana, jua limeshapanda kichwani, na kabla ya hapo hayupo. Si kwamba amelala. Hayupo. Ukiingia chumbani kwake saa mbili unakuta shuka limenyooka. Mimi nilitandika shuka la namna hiyo mwaka mzima kabla ya kujiuliza kwa nini natandika kitanda ambacho hakijalaliwa.

Zilikuwa zinakwenda kwenye Gurudumu. Watu wa nje wangeiita kasino ya mtandaoni. Sisi tuliiita Nyumba, kwa sababu ndivyo ilivyojiita, na nani anaogopa nyumba? Gurudumu lilikuwa ndani ya kila simu. Lina vipande kumi na sita, na kimoja kina rangi ya alfajiri. Unaweka asubuhi yako moja, unagusa kioo, linazunguka. Likisimama kwenye alfajiri, unapewa asubuhi kumi na nne. Likisimama kwingine, ile uliyoiweka imekwenda. Na chini ya kioo, pembeni, alama ndogo ya duara: arobaini na moja. Maana yake: chombo hiki kimepimwa na mtu, kimeonekana sawa. Sheria yetu ni fupi. Pasipo muhuri hai, Gurudumu halizungushwi kwa kitu cha mtu.

Kazi yangu ni vipimo. Nina stashahada, niliipata kwa kukaa chuoni miaka miwili nikiwa na mimba nusu ya muda huo. Najua mizani ya mchinjaji iliyobandikwa sumaku chini ya sahani. Najua ndoo ya mkaa yenye kitako cha pili. Najua mwenye duka anayekuletea mizani ya jirani siku ya ukaguzi, kisha kesho anarudi kwenye ile yake. Kwa hiyo usinihurumie kwa kusema sikujua. Nilijua kuliko wote.

Siku ya kupiga muhuri, uani kwangu hujaa. Wachinjaji, wauza mkaa, wauza mafuta, kila mtu na chombo chake kichwani. Siku hiyo wakaja wanaume wanne wenye mashati yaliyopigwa pasi, wamebeba Gurudumu lenyewe, mti na chuma, limefunikwa blanketi kama mgonjwa. Nikalizungusha mara mia tatu na ishirini. Alfajiri ikatoka mara ishirini na moja. Ishirini ingetosha. Lilikuwa sawa, sawa kabisa, lilizunguka bila hata kukoroma. Nikawauliza: "Linafanyia kazi wapi?" Mmoja akasema: "Kila mahali, mama." Nikaona kila mahali ni mbali. Foleni ilikuwa ndefu, mchinjaji wa mwisho ananuna, na miguu yangu imevimba. Nikapitisha waya kwenye kitovu, nikabana kipande cha madini ya risasi, nikapiga nyundo.

Hapo ndipo penye kosa langu, na halikuwa uchovu. Jambo la kwanza kabisa tulilofundishwa chuoni ni kwamba mizani hupimwa pale inapofanyia kazi: kwenye meza ile ile, kwenye upepo ule ule, mwenye duka akiwa amesimama upande wake na mteja upande wake. Ukiiondoa hapo umepima mizani nyingine. Nami nilipima Gurudumu nililoletewa. Sikulifuata lilikokuwa linakwenda.

Wakasema watalichukua kesho yake. Hawakulichukua. Walichohitaji ni alama tu, na alama ilishaingia kwenye simu za watu. Gurudumu likabaki uani miaka tisa, chini ya bati, likinyeshewa upande mmoja. Kuku walilalia juu yake. Nilianikia kanga.

*

Tunu ni binti yangu, wa pekee. Ana miaka ishirini na saba, ni fundi cherehani, na anashona haraka kuliko anavyoongea. Siku ninayoisimulia alitokea saa sita kamili, mlangoni pa jiko, mkono bado umenyooka kama alivyouacha jana yake akichukua chumvi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umebakiwa na ngapi?"

"Mama, hata salamu haijapoa."

"Ngapi, Tunu?"

Aliishika ile chumvi, akairudisha rafuni, akaipanga vizuri pasipohitaji kupangwa.

"Sina," akasema. "Za kesho sina. Za mwaka ujao niliziweka wakati wa masika. Zilipokwisha zinazokuja, wakanifungulia mlango wa zilizopita."

"Zilizopita zipi?"

"Za shule."

Nilikaa kwenye ndoo. Nilijaribu kujikumbuka nikimsuka kabla ya kengele ya shule, yeye amekaa katikati ya magoti yangu. Niliona chanuo. Niliona mkono wangu mwenyewe unakwenda na kurudi. Kichwa hakikuwepo. Nilikuwa nachana hewa. Miaka saba ya asubuhi, na katika zote mimi niko peke yangu mlangoni, namwambia mtu asiyekuwepo aharakishe.

Nikafoka, kwa sababu ndivyo ninavyolia. "Mtu mzima! Mwenye akili zako hizo! Hukuona unaliwa? Hukujiuliza hata siku moja?"

"Nilijiuliza siku ya kwanza," akasema Tunu. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza. "Nilikuwa na wasiwasi sana. Nikatazama chini ya kioo nikaona arobaini na moja. Nikasema, aa, hii mama kaipima."

*

Kuaminiwa. Nimelibeba neno hilo tangu siku ile kama jiwe la kilo ishirini, nikilihamisha bega hili na lile, na bado sijajua mpini wake uko wapi. Mtu anakuamini bila kukuambia. Hakuombi ruhusa. Anapita barabarani, anaona alama yako, analegeza mkono aliokuwa ameukaza, anakwenda zake, na wewe wakati huo unachagua mchele. Hujui kwamba umeshikwa. Nani basi ameweka ahadi hapo? Mimi sikumwahidi mtu. Niligonga risasi. Lakini kama mlio ule wa nyundo haukuwa ahadi, ulikuwa nini? Kelele? Nilisomea kelele miaka miwili? Na kitu kilicho sawa mbele yangu tu, uani kwangu tu, usawa wake ni wa nani: ni wake, au ni wa macho yangu? Na nilipofumba macho, je, ni mimi niliyeupotosha?

Maswali ya namna hiyo yanaweza kumkalisha mtu kwenye ndoo mpaka jioni. Niliinuka. Nikamwambia Tunu aite majirani waje na simu zao.

Wakaja wote walioanza siku saa sita, na walikuwa wengi kuliko nilivyodhani. Mtaa mzima ulikuwa umehamia mchana. Mbele alikuwa Bi Havijawa, muuza maandazi, mwanamke mnene mwenye maneno. Tangu apoteze asubuhi zake alikuwa anakaanga saa saba mchana, na nani anakula maandazi saa saba?

"Mama Tunu, na hesabu zako!" akasema. "Mimi mkosi wangu naujua, nimezaliwa nao. Hata mume wangu niliyempata umemwona."

"Mkosi hauna tarakimu, Havijawa. Lete simu."

Simu inaweka kumbukumbu ya kila mzunguko. Tukachukua mkaa, tukaandika ukutani. Kwanza mizunguko ya bure, ile ya kujaribu, isiyo na kitu cha mtu ndani yake: elfu moja na mia sita. Alfajiri mara mia moja na mbili. Safi. Kisha mizunguko yenye asubuhi za watu, idadi ile ile. Mia moja ndiyo ilitakiwa. Tuliziona kumi na moja.

Nikarudia. Kumi na moja. Nikaenda uani, nikaondoa kanga, nikazungusha lile la mti mpaka bega likalia. Sawa kabisa. Halikuwa na kosa, maskini. Lilikuwa limekaa pale miaka tisa likisema ukweli kwa kuku.

Bi Havijawa aliutazama ukuta kama mtu anayetazama picha ya harusi ambayo yeye hamo. Ndipo Tunu akasema, taratibu: "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe nini?"

"Nilidhani nina mkono mbaya. Nilidhani kila ninachogusa… Nilikuwa hata nguo za maharusi sitaki kuzikata mwenyewe, nawapa wenzangu."

Nikamvuta kichwa chake hadi begani kwangu, mbele za watu, mimi ambaye sina mazoea hayo. Nywele zake zilinuka vumbi la mchana. Nikasema, "Mkono wako hauna kitu. Una sindano nyingi tu." Akacheka na kulia kwa pamoja, na nikajua ninakokwenda.

*

Nyumbani kwa Nyumba ni alfajiri daima. Nilitoka kwangu saa nane, jua kali. Nilipofika kwenye ukuta wao umande ulilowesha viatu vyangu, na majogoo walikuwa wanawika bila kupumzika, mmoja akimpokea mwingine, kwa sauti zilizokauka. Zile asubuhi zetu zote ziko kule. Hazina pa kwenda.

Mlangoni alikuwepo msichana mwenye tabasamu.

"Karibu, mteja wetu mpendwa. Naitwa Latifa. Nikusaidie nini?"

"Mimi si mteja. Namtaka mwenye Gurudumu."

"Tumepokea swali lako. Tafadhali pita chumba kinachofuata."

Chumba kinachofuata alikuwepo mama wa makamo, tabasamu lile lile. Naye ni Latifa. Cha tatu, mwanamume mwenye sharubu.

"Na wewe Latifa?"

"Sote hapa, mama," akasema, na kwa sekunde moja nilimwonea huruma.

Kati ya chumba na chumba kulikuwa na ukumbi, na ukumbini asubuhi zimetundikwa kwenye kamba, moja baada ya nyingine, kama mashuka ya hoteli. Nilizipita nikitazama mbele. Halafu nikasikia mafuta ya nazi, yale niliyokuwa nachanganya mwenyewe na mdalasini kidogo, ambayo hakuna mwingine mjini aliyekuwa nayo. Nikageuka. Iling'aa nyepesi, rangi ya uji wa ulezi. Ndani yake mtoto anahesabu vidole vya mguu kwa sauti na anaruka cha nne kila mara. Nilinyoosha mkono. Ulipita kama kwenye moshi.

Chumba cha mwisho hakikuwa na dirisha. Yule wa hapo sikuweza kushika sura yake. Kila nikipepesa macho ilikuwa nyingine. Alikuwa na faili mkononi.

"Gurudumu linaendeshwa na nani?" nikauliza.

"Linajiendesha."

"Aliyelitengeneza?"

"Alihama."

"Wanaofaidika?"

"Wapo wengi. Hawafahamiani."

"Basi nani anawajibika? Kumi na moja badala ya mia. Nimehesabu. Nani?"

Akafungua faili kwa uangalifu, akapitisha kidole. Nadhani alitafuta kweli. "Hapa kuna alama ya mtu mmoja tu, mama," akasema. "Ni yako." Na sauti aliyoitumia kusema hivyo ilikuwa ya kwangu, na ule mkwaruzo wa kifua changu kinachobanwa na baridi ndani yake.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa walinzi, kwa kufungiwa mlango. Hakufanya hata moja. Alinivutia kiti.

"Tunaelewa uchungu wa mzazi," akasema kwa sauti yangu. "Asubuhi za Tunu zote zitarudishwa. Zinazokuja na zilizopita. Kuanzia kesho. Muhuri ubaki ulipo, nawe ubaki ulivyo."

"Na za majirani?"

"Majirani hawana muhuri."

Ningependa kuandika hapa kwamba nilipima. Kupima ndiyo kazi yangu. Nilisema ndiyo kabla hajafunga mdomo.

*

Kesho yake, saa kumi na mbili na robo asubuhi, nilisikia mtu anakohoa chumbani.

Nilisimama mlangoni. Alikuwa amelala kifudifudi, mguu mmoja nje ya shuka, mdomo wazi, mzuri kama alivyotengenezwa. Akageuka, na shavuni ana mkunjo wa mto. Nilikuwa nimesahau kwamba watu hupata mkunjo wa mto. Nikashika fremu ya mlango. Na papo hapo kichwani mwangu zikaanza kurudi, kwa kishindo, hazina hata mpangilio: soksi moja ya njano, uji uliomwagika, vidole vya mguu vinahesabiwa, kichwa kidogo chenye joto katikati ya magoti yangu kinalalamika kwamba naumiza. Kilikuwa na kovu nyuma ya sikio. Kumbe kilikuwa na kovu.

"Mama, mbona unanitazama hivyo?"

"Amka. Chai inapoa."

Tulikaa kizingitini. Chai ya maziwa, mkate wa jana. Mwanga ulikuwa unapanda ukutani taratibu, na Tunu akawa anausogezea mkono, anautoa, anausogezea tena.

"Barabara mbona kimya?" akauliza.

"Hawapo."

"Bi Havijawa?"

"Hayupo."

Akanywa. "Na mimi nipo kwa sababu gani?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini mimi sijui kumdanganya mtu ambaye anakunywa chai yangu. Nikamweleza yote, kwa maneno machache, kama ninavyotoa ripoti. Hakunilaumu. Alivunja mkate vipande vidogo vidogo.

"Kuna mtu leo atatazama chini ya kioo," akasema.

"Mtu huyo si mwanangu."

"Ana mama yake."

"Basi mama yake akapime mwenyewe!"

"Na chuo amesoma?" akauliza Tunu, na akacheka, hakunicheka kwa ubaya, alicheka kama unavyomcheka mtu anayetafuta miwani akiwa ameivaa. Ndilo hilo. Muhuri upo kwa sababu mama wa watu hawezi kwenda na mawe ya kupimia kila dukani. Ana watoto, ana sufuria jikoni, ana mguu unaouma. Kwa hiyo wote wamekubaliana, bila kikao, kwamba mmoja aende kwa niaba yao. Huyo mmoja ndiye mimi. Nami nilikwenda kwa niaba ya mmoja.

Fikra zilikuja vipande vipande. Kwamba nikiukata muhuri, anaondoka. Kwamba nisipokata, atakuwepo, nitamwona kila asubuhi, na kila asubuhi atautazama mtaa huu usio na watu, kisha atanitazama mimi. Kwamba ataninyamazia kwa heshima. Heshima hiyo, niliona, ningeifia. Kwamba mama anatakiwa… Kwamba hakuna aliyeandika mahali popote mama anatakiwa nini. Kwamba hata hivyo koleo liko kwenye sanduku la pili, chini ya mawe ya nusu kilo. Nikalitoa.

"Litauma?" akauliza Tunu.

"Sijui."

"Ngoja nimalize chai."

Akaimaliza. Alikunywa polepole kama mtu anayeonja dawa ya mtoto, na mimi, ambaye nimemharakisha maisha yake yote, nilitamani kikombe kiwe kisima. Alipokiweka chini alikwenda uani mwenyewe, akaondoa kanga, akazikunja, akalishika Gurudumu kwa mikono miwili lisicheze.

"Kata hapo mama, usiniangalie."

Nilimwangalia. Risasi ni laini, haina kelele ikikatwa.

Mikono ilikuwa imeshika, kisha Gurudumu likaanza kuzunguka kidogo lenyewe kwa kuachiwa. Kanga zilikuwa zimekunjwa vizuri, pembe kwa pembe. Na kichwani mwangu mimi nikawa tena peke yangu mlangoni, nachana hewa. Asubuhi ile moja tu ndiyo waliyoiacha, au walisahau kuichukua. Ninayo. Nimekuandikia.

Nikatazama simu. Pale chini ya kioo pamebaki doa jeupe, na Gurudumu limesimama. Sijidanganyi: wale wenye mashati ya pasi watakuwa wameshaanza kutafuta mpimaji mwingine mwenye miguu iliyovimba. Lakini kwa siku ile halikuzungushwa kwa kitu cha mtu, na siku moja ni siku moja.

Nilichukua meza ya jikoni, kalamu, na karatasi zote zilizokuwemo ndani, nikazipeleka njia panda. Nikakaa. Jua likapanda. Saa sita ilipogonga watu wakajitokeza, mmoja mmoja, kila mmoja pale alipokuwa.

"Mama Tunu, unauza nini?" akauliza Bi Havijawa, kijiko cha kukaangia mkononi.

"Siuzi. Nimekaa mnilalamikie."

"Tukulalamikie wewe? Si ile Nyumba?"

"Nyumba ina Latifa. Mimi nina jina na nina mahali pa kukaa. Tukiwa na karatasi mia mbili zenye namba zilizohesabiwa, na aliyekosea wa kwanza amekubali kwa mkono wake, nitakwenda nazo kule na hawataweza kusema hakuna mtu. Mtu atakuwepo. Kisha na wao wataje majina yao."

"Na ukifungwa?"

"Utaniletea maandazi."

Wakasitasita. Ni kazi kumlalamikia mtu aliyekaa mbele yako, unayemjua, aliyekuazima chumvi. Wakatazamana. Ndipo Tunu akatoka nyuma yao, vumbi la uani bado viganjani, akasimama mbele ya meza kama mgeni.

"Jina la mlalamikaji?" nikauliza.

"Unalijua, mama."

"Karatasi hailijui."

Akalitaja. Nikaandika. Akataja mwezi alioanza, idadi ya asubuhi zinazokuja, idadi ya zilizopita. Sauti yake haikutetemeka mpaka kwenye zilizopita.

"Unamlalamikia nani?"

"Wewe."

"Jina kamili."

Tangu azaliwe hakuwahi kuniita kwa jina. Alivuta pumzi. "Mwanamvua Shomari," akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. "Mpimaji."

Nikainama niandike, na mkono ukataka kukimbia kama kawaida yake.

"Usikimbie, mama," akasema Tunu. "Andika isomeke."

Nikaandika isomeke, herufi moja moja, jina langu lote. Akachukua kalamu akatia sahihi yake chini, nami nikatia yangu kando ya yake. Nikasema, "Anayefuata." Bi Havijawa akasogea, akafuta mikono kwenye kanga yake. Lakini Tunu hakuondoka. Alizunguka meza, akakaa upande wangu, akaanza kunipangia karatasi.